Vijana wa kompyuta wafundishwe lugha za kifanksheni, hata kama tangazo la kazi halizitaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzee mmoja mstaafu aliyeandika humu kuhusu kijana wake anayesoma kompyuta chuoni. Analalamika kwamba muhula huu kijana anafundishwa lugha ya kuandikia programu iitwayo Haskell, mojawapo ya zile ziitwazo za kifanksheni (nitazieleza hapo chini), ambayo hajaiona kwenye tangazo lolote la ajira, na anauliza kwa nini ada yake itumike kwa mambo ya maprofesa wakati waajiri wanataka PHP, Java na Python. Nampa mzee wangu shikamoo yake kwanza. Uchungu wa ada naujua, maana na mimi nina watoto chuoni. Lakini kwa hili nasimama upande wa mwalimu wa kijana huyo, na ningependa mzee anisikilize, kwa sababu kazi hii naifanya kila siku.

Mimi nilisomea uhasibu kabla sijaingia kwenye programu. Nafanya kazi Mwanza. Ninaandika mifumo ya SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, na ya maduka ya dawa, na zaidi ya kuandika, ninaitwa kutengeneza mifumo iliyoandikwa na wengine. Riziki yangu inatoka kwenye lugha za kawaida kabisa, PHP na C#. Sina kampuni ninayoitangaza wala kozi ninayoiuza.

Nianze na tukio moja, kwa sababu bila tukio maneno haya yatakuwa hewani. SACCOS moja ya Kanda ya Ziwa iliniita baada ya mwanachama wake, mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, kuja na malalamiko. Salio lake lilikuwa shilingi 640,000. Asubuhi moja alituma akiba ya shilingi 120,000 kwa simu. Dakika hiyo hiyo binti yake alikuwa dirishani kwa keshia akimwekea shilingi 50,000. Jumla ilipaswa kuwa 810,000. Mfumo ulionyesha 690,000. Mama alikuwa na ujumbe wa simu mkononi na risiti ya keshia, vyote halali, na bado meneja alikuwa anamtazama kama mtu anayetaka kujipatia fedha kwa ujanja.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo ulihifadhi salio kama namba moja inayofutwa na kuandikwa upya. Sehemu ya kupokea fedha za simu ilisoma 640,000. Kabla haijaandika, dirisha la keshia nalo likasoma 640,000. Ya simu ikaongeza 120,000, ikaandika 760,000. Ya keshia ikaongeza 50,000 kwenye ile 640,000 iliyokwisha kuisoma, ikaandika 690,000 juu yake. Hapakuwa na mwizi. Laki moja na ishirini elfu zilifutwa na mashine iliyofanya kile ilichoambiwa.

Mhasibu yeyote anayesoma barua hii ameshashtuka, na ni haki yake. Tulipokuwa tunafundishwa kazi, jambo la kwanza lilikuwa kwamba leja haifutwi. Ukikosea kuposti, unaandika ingizo jingine la kusahihisha, na lile la kwanza linabaki pale pale na tarehe yake. Salio si kitu unachokiandika kwa mkono upendavyo. Salio linatokana na maingizo. Sasa inakuwaje kanuni waliyoifuata wahasibu kwa mamia ya miaka ivunjwe siku ile tu leja inapoingia kwenye kompyuta? Jibu langu ni kwamba lugha tunazowafundishia vijana kwa mara ya kwanza zinawazoesha kufuta. Somo la pili tu, mwanafunzi anaandika x = x + 1, na mwalimu anamwambia asiulize sana. Kwenye hesabu za sekondari mstari huo ni uongo, hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza moja. Kwenye programu maana yake ni: chukua kilichomo, ongeza moja, kisha ondoa cha zamani uweke kipya. Kijana akiandika hivyo kwa miaka mitatu, siku atakapopewa salio la mama wa Mwaloni ataliandika hivyo hivyo.

Lugha za kifanksheni zinaanzia kwingine. Kazi kubwa humo inafanywa na fanksheni, ile ile ya darasa la hesabu: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na ukiipa kile kile kesho au mwakani itakurudishia kile kile. Haigusi kitu kingine pembeni. Na thamani ikishapata jina, imepata. Katika Erlang, mojawapo ya lugha hizi, ukiandika X = 5 na chini yake X = 6, programu inakataa na kukuambia kwamba hivyo viwili havilingani. Mwanafunzi aliyezoea Java anakasirika siku za mwanzo. Anauliza, sasa nitaongezaje salio? Na hapo ndipo anapolazimika kufikiri kama mhasibu: huongezi salio, unaongeza ingizo kwenye orodha, kisha unaandika fanksheni inayoanza na sifuri na kupita kwenye orodha ingizo kwa ingizo hadi ipate salio.

Nilipoutengeneza upya mfumo ule, nilifanya hivyo, ndani ya C# ile ile waliyokuwa nayo. Kila fedha inayoingia au kutoka ni mstari mpya, una saa, chanzo na namba ya stakabadhi, na hakuna mahali kwenye programu panaporuhusu mstari uliokwisha kuandikwa kubadilishwa. Fedha ya simu na ya keshia zikifika pamoja, inakuwa mistari miwili. Haziwezi kumezana. Na kuna faida niliyoipata bila kuitafuta. Mkaguzi alipouliza salio la mwanachama fulani lilikuwa kiasi gani tarehe 31 Machi, hatukufukua nakala za zamani. Tulichukua orodha ile ile tukaikata tarehe 31 Machi, tukaipitisha kwenye fanksheni ile ile. Gawio la mwaka, riba ya akiba, taarifa ya mwanachama, vyote ni fanksheni tofauti zinazosoma orodha moja. Hakuna ripoti inayogombana na nyingine.

Naomba niwe mkweli hapa, maana kuna waandishi wa programu watakaoniandikia. Kosa lile lingeweza kuzuiwa kwa Java au PHP pia. Hifadhidata zina kufuli, zina utaratibu wa kuhakikisha kazi moja inaisha kabla nyingine haijagusa mstari ule ule, na fundi mzuri anazitumia. Tena lugha peke yake haimlindi mtu: ukiamua kwenda kwenye hifadhidata kuandika salio juu ya salio, hata Haskell utaweza kuifanya ifanye hivyo. Ninachosema ni kwamba katika lugha tulizozoea usalama unategemea kijana akumbuke kuweka kufuli kila mahali, usiku na mchana, hata siku anayoandika akiwa amechoka na bosi yuko mgongoni. Katika lugha ya kifanksheni kubadilisha ndiko kunakohitaji juhudi na kutangazwa wazi, na kutobadilisha ndiyo hali ya kawaida. Mazoea yanamshika mkono hata asipokumbuka.

Jambo la pili ni majaribio. Mzee wangu pengine hajui kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu si kuandika, ni kuhakikisha kilichoandikwa ni sahihi. Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba isiyopungua hata deni likipungua, unarejeshwa kwa miezi 12. Riba ni 360,000, jumla 3,360,000, kila mwezi 280,000. Fanksheni ya kukokotoa marejesho hayo inapewa vitu vitatu tu: kiasi, riba, miezi. Naweza kuijaribu nikiwa nimekaa chini ya mwembe na kompyuta ya mkononi isiyo na intaneti, bila hifadhidata, bila mwanachama wa kweli. Nikiijaribu Jumatatu ikasema 280,000, Ijumaa haiwezi kusema vingine.

Nimekutana na mifumo ambayo hesabu hiyo hiyo imeandikwa ndani ya kitu kinachosoma tarehe ya leo kwenye kompyuta, kinachungulia mipangilio ya tawi, kinabadilisha hali ya mkopo na kutuma ujumbe wa simu, vyote kwa mkupuo mmoja. Huwezi kuijaribu hesabu bila kutuma ujumbe kwa mtu. Matokeo yake, hakuna anayeijaribu. Mwisho wa mwezi ukiangukia Februari, marejesho yanatoka vingine, na mfanyakazi anakesha ofisini kutafuta tofauti ya shilingi 4,000. Mtu aliyefundishwa kifanksheni anatenganisha mambo haya bila kuambiwa: hesabu huku, kugusa dunia ya nje kule. Haskell imelifanya hilo kuwa sheria, kiasi kwamba kwa kuangalia tu aina ya fanksheni, yaani maelezo ya inachopokea na inachorudisha, unajua kama inaweza kusoma saa, faili au mtandao, au kama ni hesabu tupu.

La tatu ni kitu kisichokuwepo. Fomu ya kujiunga na SACCOS ina nafasi ya mrithi. Wanachama wengi hawaijazi, wengine kwa imani kwamba kumtaja mrithi ni kujitabiria, wengine kwa kuogopa ugomvi nyumbani. Ni haki yao. Lakini programu inayochapisha taarifa za wanachama wote ikifika kwa asiye na mrithi inaanguka, kwa sababu aliyeiandika alidhani kila mwanachama anaye. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta Mwingereza, ndiye aliyeingiza wazo la thamani tupu ya namna hii kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na mwaka 2009 alisimama hadharani akaliita kosa lake la dola bilioni. Katika lugha za familia ya ML, nazo za kifanksheni, ambazo Robin Milner na wenzake walizianzisha Edinburgh miaka ya 1970, unatangaza kwamba mrithi anaweza kuwepo au kutokuwepo. Ukishatangaza hivyo, kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika ili kompyuta iweze kukiendesha, haikuruhusu kulichapisha jina lake moja kwa moja, na ukisahau kusema utafanya nini asipokuwepo inakuonya. Programu haijawahi hata kuwashwa, na tayari umeulizwa swali ambalo mwanachama angekuuliza kwa hasira miezi sita baadaye.

Ninawaona vijana wanaojifunza ofisini kwangu wanavyobadilika wakishafika hapo. Mwanzo wanaiona kompaila kama adui. Baadaye wanaanza kuandika aina za vitu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote: mkopo ni ama umeombwa, ama umeidhinishwa, ama umetolewa, ama umelipwa, ama umefutwa, na kila hali ina taarifa zake. Mkopo ulioombwa tu hauna tarehe ya kutolewa, kwa hiyo hata nafasi ya kuiandika hauna. Huko tulikotoka mkopo una visanduku vyote, vingine vitupu, na ni juu yako kukumbuka kipi kina maana lini. Nimeshuhudia mijadala ya maana sana na maafisa mikopo ikianzia kwenye orodha kama hiyo, kwa sababu hata asiyejua programu anaweza kuisoma na kusema, hapana, kuna hali moja mmeisahau, mkopo uliopangiwa upya.

Sasa nije kwenye hoja kubwa ya mzee, kwamba lugha hizi hazitumiki. Mzee wangu, nina hakika barua yako uliijadili na watu wako kwenye kundi la WhatsApp. Seva za WhatsApp ziliandikwa kwa Erlang, lugha ya kifanksheni. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 na wahandisi 32 tu. Gawanya mwenyewe: kila mhandisi mmoja alikuwa anabeba watu milioni 14. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wameeleza jinsi seva moja ilivyoweza kushikilia mawasiliano ya watu milioni mbili kwa wakati mmoja.

Erlang yenyewe ina historia ambayo kila mwanafunzi wa mawasiliano nchini angepaswa kuisikia. Ilianza katikati ya miaka ya 1980 kwenye maabara ya Ericsson huko Uswidi, na waanzilishi wake ni Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Jina limetokana na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuandika mwaka 1909 kuhusu hesabu za msongamano wa simu. Tatizo la waanzilishi hao wa Ericsson lilikuwa swichi za simu, yaani mitambo ya kuunganisha wanaopigiana. Swichi inahudumia maelfu ya mazungumzo kwa mpigo. Moja likiharibika, mengine hayatakiwi kukatika. Na haiwezi kuzimwa ili kuwekewa toleo jipya, kwa sababu saa yoyote kuna mtu anapiga simu ya mgonjwa au ya msiba.

Suluhisho lao lilikuwa kuipa kila simu mchakato wake mdogo, wenye kumbukumbu zake, usioweza kugusa kumbukumbu za mwingine. Michakato inaongea kwa kutumiana ujumbe tu. Mmoja ukikosea unaachwa ufe, na kuna msimamizi aliyepewa kazi ya kuuona umekufa na kuanzisha mwingine safi. Haya yanawezekana kwa sababu hakuna namba ya pamoja ambayo wawili wanaweza kuifuta kwa wakati mmoja. Mzee akirudi kwenye mkasa wa mama wa Mwaloni ataona ni tatizo lile lile: wawili, namba moja, sekunde moja. Na tatizo hili linazidi kukua, kwa sababu kompyuta za siku hizi, hata simu ya mkononi ya bei ya chini, zina viini vingi vinavyofanya kazi sambamba. Enzi za kiini kimoja ulikuwa na nafuu ya kwamba mambo mengi yalipangwa foleni. Leo hayapangwi.

Kuna kipande cha historia hiyo ambacho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka 1998 kitengo cha simu za mkononi cha Ericsson kilipiga marufuku Erlang kwa bidhaa mpya. Sababu ilikuwa karibu ile ile ya mzee: lugha hii ni yetu peke yetu, ulimwengu wote unatumia nyingine, twende na wengi. Desemba ya mwaka huo huo lugha iliachiwa huru, mtu yeyote aichukue bila malipo. Armstrong na wenzake kadhaa wakaondoka wakaanzisha kampuni yao. Miaka ikapita, Ericsson wenyewe wakaendelea kuitumia kwenye mitambo ya kupitisha data za simu, Armstrong akarudi kufanya kazi kwao, na kile kilichoachiwa bure ndicho vijana wa WhatsApp walichokiokota. Waliofuata wengi mwaka 1998 hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatazama matangazo ya kazi ya mwaka huo.

Matangazo yanabadilika, na yamekuwa yakibadilika kuelekea huku. Java, ambayo mzee anataka kijana wake aisome, ilipokea fanksheni zisizo na jina mwaka 2014, ilipotoka Java 8. Wazo hilo limo kwenye lugha ya Lisp ya John McCarthy tangu 1958, na yeye alichota alama yake kwenye hisabati ya Alonzo Church ya miaka ya 1930. JavaScript ilitengenezwa mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa ameajiriwa kwa ahadi ya kuweka lugha ya kifanksheni, Scheme, ndani ya kivinjari. React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa inayotajwa kwenye matangazo mengi ya kazi za wavuti, imejengwa juu ya wazo kwamba ukurasa ni fanksheni ya data: data ile ile, ukurasa ule ule. Kompaila ya kwanza ya lugha mpya ya Rust iliandikwa kwa OCaml, lugha ya familia ile ya ML. Ninawahoji vijana wanaotafuta kazi, na nakuambia anayekuja na React ya kukariri hajui kwa nini haruhusiwi kubadilisha orodha moja kwa moja. Anajua tu kwamba ukurasa wake haujichori upya. Aliyepitia lugha ya kifanksheni muhula mmoja haulizi swali hilo.

Na wahasibu wenzangu msijione mko nje ya jambo hili. Excel ndiyo lugha ya kifanksheni inayotumiwa na watu wengi kuliko zote duniani. Ukiandika =SUM(B2:B200) huiambii kompyuta hatua za kufuata. Unaeleza jibu ni nini, na namba moja ikibadilika huko juu vyote vinavyoitegemea vinajikokotoa. Fomula yako haiendi kufuta seli ya jirani. Simon Peyton Jones, mmoja wa vinara wa Haskell, alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Microsoft huko Cambridge, na mchango wa kundi lao umo katika LAMBDA, uwezo uliotangazwa mwishoni mwa 2020 wa kujitungia fanksheni zako ndani ya Excel bila kuandika programu ya pembeni. Karani wa SACCOS anayejua Excel vizuri, nimeona kwa macho yangu, anaielewa lugha ya kifanksheni haraka kuliko kijana aliyekaa na PHP miaka mitatu.

Yapo matatizo na siyafichi. Ajira za Haskell hapa kwetu sijaziona. Mafunzo karibu yote yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza kizito cha wanahisabati. Mimi nawaeleza vijana wangu kwa Kiswahili na ninaona tofauti kwenye nyuso zao. Mtu anayeandika programu ya kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, au mchezo wa video unaohitaji kila chembe ya kasi, ana sababu nzuri za kubadilisha kumbukumbu moja kwa moja. Na wapo wanaoigeuza elimu hii kuwa ya kujivunia, wanaandika mistari ambayo wenzao hawawezi kuisoma. Hao nawakemea hata ofisini kwangu.

Lakini mzee haombwi kuchagua. Kijana atajifunza PHP na Java, hakuna wa kumzuia, mtaa wenyewe utamfundisha. Tofauti kati ya PHP na Java na Python kwa mtu anayeanza si kubwa: ukijua moja, nyingine unaipata kwa muda mfupi, kwa sababu zote zinakutaka ufikiri kwa hatua na kufuta. Ya kifanksheni ndiyo pekee itakayomlazimisha kufikiri tofauti, na ni vigumu kuijifunza ukiwa peke yako usiku baada ya kazi, hakuna mwalimu wala wenzako wa kukwama nao. Chuoni ndipo mahali pake. Ndiyo maana ukinipa muhula mmoja wa kulipia ada, huo ndio ningeulipia kwanza.

Kwa mwalimu wa kijana huyo nina ombi moja. Asianze na hisabati ya Church wala na yale maneno mazito yanayowatia watu hofu. Awape leja. Awape orodha ya maingizo ya mwanachama mmoja, yakiwemo mawili yaliyofika sekunde moja na moja lililopostiwa kimakosa likasahihishwa, kisha awaambie watafute salio la leo, salio la tarehe 31 Machi na riba ya mwaka, bila kubadilisha hata ingizo moja. Orodha kama hiyo ninayo, majina na namba nimezibuni, na nitaitoa kwa mwalimu yeyote atakayeiomba kupitia kwako, Mhariri.

Na kijana mwenyewe, kama Haskell inamshinda kwa sasa, asikate tamaa. Mwenye C# ajaribu F#, iliyotengenezwa na Don Syme na wenzake Cambridge na inayoweza kufanya kazi pamoja na C# kwenye mfumo mmoja. Anayetaka mifumo ya ujumbe na watumiaji wengi ajaribu Elixir ya Mbrazili José Valim, inayoendesha kazi zake kwenye mtambo ule ule wa Erlang na maandishi yake ni mepesi zaidi kwa mgeni. Zote ni bure, zinakaa kwenye kompyuta ya kawaida, na ukishazipakua unaweza kujifunza hata bando likiisha.

Wako katika kazi,
Mwandishi wa programu,
Kirumba, Mwanza